Damu ya Ngamia, Wayo wa Mama Mudogo

Mama mudogo alikuwa akishona huku mguu wa kulia ukiwa hauna kiatu. Alisema cherehani ya umeme ina ujanja wake: ukiikanyaga kwa kiatu hujui inataka kukimbia kiasi gani, na kitambaa kikishateleza chini ya sindano umeharibu kazi. Kwa hiyo, iwe winta yenye baridi iwe kiangazi, wayo wake ulikuwa juu ya pedali na kiatu kimelala ubavu chini ya meza. Chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofani, nyuma ya duka la mafuta ya nywele, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur. Alishona sare za kwaya, nguo za ubatizo, na hasa nguo za harusi za kitenge ambazo mabibi harusi wa Kikongo walizivaa jioni, baada ya kuvua ile nyeupe.

Alikuwa mdogo wa mama yangu. Mama alibaki Lubumbashi. Mimi nilikuja Brussels kusoma, na nyumba ya kwanza kulala ilikuwa yake na ya mumewe, katika jengo la ghorofa huko Evere. Baadaye nilipata chumba changu, lakini Jumamosi zote nilizitumia pale kwake ghorofani, nikikata nyuzi zilizobaki kwenye mapindo huku yeye akinipasha habari za watu wote wa Katanga walioishi mjini, nani kaolewa, nani karudi, nani anajidai.

Jumamosi moja mwishoni mwa winta aliinua mguu, akauweka juu ya goti la pili ili ajikune, nami nikaona doa. Lilikuwa katikati ya wayo, jeusi kuliko ngozi yake, lisilo na mpaka unaoeleweka, kama wino ulioangukia kitambaa kilicholowa. Upande mmoja palikuwa na kidonda kidogo.

“Mama mudogo, hii ni nini?”

“Ah, ile ni ya pédale. Iko hapo tangu mwaka jana.” Akalisugua kwa kidole gumba kana kwamba lingetoka. “Nilienda kwa madame wa kukata sugu, akaikwangua, ikatoka damu. Bon, itapona.”

“Umeonyesha docteur?”

“Docteur wa muguu? Weye, kata nyuzi.”

Nikakata nyuzi. Nilikuwa na shahada ya kemia ya viumbe na nilikuwa nikiandaa nyingine, lakini juu ya doa lile sikujua zaidi ya alivyojua yeye. Sisi sote, nyumbani, tuliamini saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaolala juani huko baharini.

Ni lazima niseme kazi yangu ilikuwa nini wakati ule, kwa sababu ndiyo iliyotutesa baadaye.

Katika maabara ya chuo nilikofanya utafiti, tulikuwa tukishughulika na damu ya ngamia. Ilikuja kwa ndege kutoka nchi ya joto, ndani ya sanduku la barafu, chupa nyembamba zilizofungwa kwa karatasi kama mayai. Mwili wa mtu, na wa karibu kila mnyama, hujilinda kwa kingamwili zilizoundwa kwa minyororo ya aina mbili, mizito na myepesi, iliyoshikana. Ngamia anazo hizo, lakini anazo pia nyingine zisizo na minyororo myepesi kabisa. Jambo hilo lilikuwa limegunduliwa miaka michache kabla, na watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye korido ile bado walilizungumza kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani asichoamini ni chake.

Sisi tulichukua kichwa tu cha kingamwili hiyo, ile sehemu inayoshika. Tulitoa maelekezo yake kwenye chembe za damu, tukayaingiza ndani ya bakteria, na bakteria wakatutengenezea vipande hivyo kwa wingi ndani ya chupa zilizokuwa zikitikiswa kutwa nzima. Kwa kuwa ni vidogo mno, vilikuwa na uwezo ambao kingamwili kubwa hazina: viliweza kuingia kwenye ufa wa kimeng’enya, pale hasa kinapofanyia kazi, vikakaa humo kama kabari.

Kimeng’enya nilichopewa mimi ni cha kukata. Uvimbe wa saratani hukitumia kukata njia katikati ya nyama nzima ili upite. Profesa wetu alikuwa na dhana nyingine pia: kwamba uvimbe hukitumia kukata alama zilizo juu ya ngozi ya chembe zake wenyewe, ili askari wa mwili, yaani chembe za kinga, wakipita wasiutambue. Ukikizuia kikataji, alama zitabaki, na askari watauona. Ilikuwa dhana tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta kipande kinachozuia.

Mama mudogo aliisikia hadithi hii mara moja, akaifupisha kwa namna yake. Kila mteja aliyepanda ngazi alitambulishwa kwangu hivi: “Huyu ni mutoto ya dada yangu. Anakamata damu ya ngamia, anatoa mo dawa ya kansa.”

“Bado si dawa, mama mudogo.”

“Njo vile anasemaka. Hapendi kujisifu.”

Wateja walicheka, wakaniangalia mara mbili. Nami nilicheka. Ilikuwa tamu kidogo, sitakataa.

Kidonda hakikupona. Pasaka ilipofika alikuwa akichechemea, na kabla ya joto kuanza akashika uvimbe kwenye kinena, mgumu, ukubwa wa haragwe. Ndipo mumewe, ambaye mimi namwita tonton, akakataa kungoja zaidi. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alifanya kazi kiwanda cha magari huko Forest, akifunga milango kwenye magari yanayopita mbele yake moja baada ya jingine, na nadhani kelele za pale zilimfundisha kunyamaza. Siku hiyo alisema tu, “Vaa kiatu. Tunaenda.”

Walinichukua na mimi siku ya majibu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyetutafutia kiti cha tatu kutoka chumba cha jirani kabla hajaanza kusema. Kisha akasema. Ilikuwa melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotoa rangi ya ngozi, na ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kinena.

Mama mudogo alimsikiliza hadi mwisho. Halafu, kwa Kifaransa chake kizuri cha shule ya masista, akamwambia: “Daktari, niangalie. Mimi ni mweusi. Jua limenifanya nini?”

“Si jua, madame. Ugonjwa huu huwapata watu weusi mara chache, na ikiwapata huja mahali ambapo jua halifiki. Kiganjani. Chini ya ukucha. Wayoni.”

“Na pedali?”

“Pedali haina kosa.”

Tonton alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu, na koti la kazi mwilini. Aliangalia mikono yake. Daktari aliniuliza mimi ninafanya nini, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa taratibu, na kuanzia hapo akawa anaelekeza maneno magumu kwangu. Sikutaka. Kila neno alilonipa lilikuwa sahihi, nami nililielewa lote, na kulielewa hakukunisaidia kufanya chochote. Niligeuka nikamwambia mama mudogo kwa Kiswahili kile ambacho alikuwa ameshakisikia kwa Kifaransa.

“Nimesikia,” alisema. “Usinirudilie.”

Walimkata nyama ya wayo, wakachuna ngozi kwenye paja wakaibandika pale, wakatoa tezi za kinena. Mguu ukavimba na haukurudi kuwa mguu wake tena. Aliporudi ghorofani kwake, jambo la kwanza alilofanya ni kusukuma pedali hadi upande wa kushoto. Mguu wa kushoto haukujua kazi. Cherehani ilikurupuka, ikasimama, ikakurupuka. Aliharibu kitambaa cha mtu, akakinunua kingine, akaanza upya, na mwisho wa kiangazi mguu wa kushoto ulikuwa umeshajifunza. Nilimwona siku hiyo anashona mshono mrefu wa ubavu bila kusita, mdomo umejaa pini, akanikonyeza. Niliamini kwamba tumepita.

Picha za mapafu zilionyesha mengine. Vuli ilipoanza walimpa dawa ya dripu iliyomtapisha, na daktari, akiniangalia mimi, akasema kwa ugonjwa huu dawa hiyo husaidia wachache na kwa muda. Ilikuwa namna ya kusema haitasaidia.

Siku moja, baada ya dripu ya pili au ya tatu, nilimkuta Evere jikoni. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, blanketi magotini, anachambua majani ya matembele aliyoletewa. Nilidhani ataniuliza habari za Lubumbashi, kwa maana vita vilikuwa vimeanza tena kule na kila mtu alikuwa akipiga simu. Akasema:

“Mutoto, ile yako imefika wapi?”

“Ipi, mama mudogo?”

“Ile ya ngamia.”

“Tumepata kipande kimoja kizuri. Kinazuia vizuri sana.”

“Kinazuia kansa?”

“Kinazuia kimeng’enya.”

“Kimeng’enya ya kansa?”

“Ndiyo. Ya kansa.”

“Bon. Kiko wapi?”

“Mu laboratoire.”

“Mu kintu gani?”

“Mu kachupa kadogo.”

“Na kachupa kako wapi?”

“Mu frigo.”

Aliacha majani. “Donc,” alisema polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kwenye hesabu, “dawa iko mu frigo, na miye niko hapa.”

Nilianza kumweleza. Nilimwambia kwamba kitu kinachofanya kazi ndani ya kachupa si lazima kifanye kazi ndani ya mtu. Kwamba kimetengenezwa na bakteria na hakijasafishwa kwa kiwango cha kumchoma mtu, na uchafu wa bakteria peke yake ungeweza kumuua. Kwamba hata panya bado hatujampa. Kwamba baada ya panya kuna wanyama wengine, na baada yao watu wazima wenye afya, na mambo hayo huchukua miaka mingi. Aliniacha nimalize. Nilikuwa nimesimama, mkoba bado begani.

“Miye sina haja na miaka mingi,” alisema. “Unipatie vile iko. Kama itaniua, si ninakufa tu quand même?”

“Siwezi, mama mudogo.”

“Hauwezi ao hautaki?”

“Siwezi.”

Akarudi kwenye matembele. Kisha akasema, “Kaa basi, uvue koti,” na hatukulizungumza tena siku ile. Tulikula.

Wiki zilizofuata akawa anataka kuiona maabara. Si kwa hila. Aliniambia waziwazi kwamba haji kuiba, anataka kuona tu kile kitu kilichonifanya siku zile nikose Jumamosi zake. Profesa wangu, mtu mrefu wa Kiflemi mwenye aibu nyingi, alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Mama mudogo alikuja alasiri, na magongo, amevaa kitenge cha sikukuu na kilemba, na tonton nyuma yake kabeba mkoba wake. Watu wa korido walitoka milangoni kumsalimia kwa mkono.

Nilimwonyesha sahani zangu. Ni jambo rahisi ambalo hata leo sijui la kulionyesha vizuri zaidi. Unachanganya maziwa ya unga na utomvu wa mwani unaogandisha, unayamimina kwenye sahani ya plastiki, yanaganda yakiwa meupe kama chokaa. Unatoboa vishimo viwili. Kwenye kimoja unatia kimeng’enya peke yake. Asubuhi yake utakuta kimekula maziwa pande zote, na mahali pale pamebaki duara lililo wazi kama kioo. Kwenye kingine unatia kimeng’enya kilekile pamoja na kipande cha ngamia. Hapo maziwa hubaki meupe hadi ukingoni.

Mama mudogo aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Kupitia duara lile aliweza kuona miti ya nje.

“Hapa inakula,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na hapa ngamia ameikatalia.”

“Ndiyo, mama mudogo.”

“Iko muzuri.” Aliendelea kuishika. “Iko muzuri kweli. Tonton yako aone.”

Tonton akaja akaona. Profesa alikuwa amesimama nyuma yetu, na mikono mifukoni, akiwa kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake mwenyewe na wageni. Akamvutia kiti. Akamwambia, kwa Kifaransa cha kujikwaa, kwamba vipande vyetu havitamfaa yeye, anasikitika, ni mapema mno. Lakini katika hospitali nyingine hapa mjini wapo watu wanaojaribu chanjo kwa wagonjwa wa melanoma. Si chanjo ya kuzuia. Ni ya kuwaamsha askari wa mwili ili waushambulie uvimbe uliopo. Mara nyingine, kwa watu wachache, uvimbe umesinyaa. Angeweza kuwapigia simu.

“Piga,” alisema tonton. Ndilo neno pekee alilotamka ndani ya jengo lile.

Watu wa chanjo walimpokea. Walichukua damu, wakachukua kipande cha tezi kilichohifadhiwa tangu upasuaji. Mambo mawili yalihitajika. La kwanza, uvimbe uwe na alama fulani ambayo chanjo iliundwa kuilenga. La pili, mgonjwa mwenyewe awe amezaliwa na aina fulani ya tishu, kwa sababu alama hiyo huonyeshwa kwa askari juu ya kishikio, na vishikio hivi kila mtu hurithi vyake kutoka kwa wazazi. Chanjo ilikuwa imetengenezwa kwa kishikio kimoja tu.

Tulisubiri. Kanisani waliomba kwa sauti, wakamtaja, wakataja na hospitali. Mama mudogo akanunua viatu vipya vya nyumbani, vya kuvaa wodini. Nilikuwa nimeshasoma makala zao. Nilijua kishikio kile ni cha kawaida kwa watu wa Ulaya, na nilijua kwa watu wa kwetu ni nadra. Nililijua kabla ya damu yake kuchukuliwa, na nilimwambia kwamba nafasi si kubwa. Akanijibu, “Si kubwa, lakini iko,” akaendelea kujaribu viatu.

Daktari wa hospitali ile alikuwa kijana, na naamini alikuwa hajazoea. Alituambia kwanza habari njema: uvimbe una ile alama, tena kwa wingi. Mama mudogo alishika mkono wa tonton. Kisha akatuambia la pili. Aina ya tishu si yenyewe.

“Inamaanisha nini?” aliuliza mama mudogo.

“Inamaanisha kwamba chanjo yetu haiwezi kuonekana na askari wa mwili wako. Tukikuchoma, itakuwa kama kukuchoma maji.”

“Mtu mwingine ampe yake, basi,” alisema tonton kwa Kifaransa, akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. “Chukua kwangu. Nina damu nzuri, sijawahi kuugua.”

Kijana akanitazama. Kila daktari alinitazama. Nikamwambia tonton kwa Kiswahili kwamba hii si damu ya kupewa, imo katika kila chembe ya mwili wa mama mudogo, alizaliwa nayo, haibadilishwi. Alibaki na mkono ulionyooshwa juu ya meza. Ngozi ya ndani ya mkono ilikuwa laini, isiyofanana na vidole vyake.

Mama mudogo alikuwa ametulia. “Kwa hiyo,” alisema, “nina kansa yao, lakini sina damu yao.”

Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Kijana wa watu alikuwa amefanya kila kilichokuwa chake. Ningefurahi sana kama angalau mtu mmoja kati yetu angekuwa mwovu au mzembe, nipate wa kumkasirikia ndani ya tramu wakati wa kurudi.

Nilirudi kazini kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Majira ya baridi hayo ndipo tulipompa panya kipande changu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekisafisha kwa uangalifu mkubwa, nikakiwekea alama ili tuweze kukifuata. Tulikichoma kwenye mshipa wa mkia. Muda mfupi baadaye tulipima damu: kilikuwa kimebaki kidogo mno. Tukapima tena: hakuna. Kilikuwa kwenye mkojo. Figo zinachuja vitu vidogo, na sisi tulijivunia kwamba kitu chetu ni kidogo. Niliuchukua ule mkojo, nikautia kwenye sahani ya maziwa pamoja na kimeng’enya, na maziwa yakabaki meupe. Kilikuwa bado kinafanya kazi barabara, kimeshatoka tu.

Profesa alisema hilo ni tatizo zuri, linaweza kutatuliwa: tukiunganishe na kitu kikubwa zaidi, tukipe uzito. Alichora kwenye ubao. Alisema kweli, na miaka ya baadaye watu wengine walilitatua kwa njia kama hizo. Mimi nilikaa nikitazama ubao na kufikiria Evere. Hata kama ningeiba kale kachupa kutoka kwenye friji, hata kama kipande kisingekuwa na uchafu, hata kama ningekuwa na moyo wa kumchoma kwa mkono wangu, angekikojoa kabla chai haijapoa. Watu hudhani jambo kama hilo hufariji. Nilipomweleza mama mudogo, kwa kuwa aliniuliza, alicheka hadi akakohoa. “Ngamia yako anakimbia sana,” alisema. Mimi sikuweza kucheka.

Alikuwa na nguo moja ya harusi aliyokuwa hajaimaliza. Bibi harusi alikuwa tayari kuipeleka kwa fundi mwingine, lakini mama mudogo alikataa, akaagiza iletwe nyumbani. Hakuweza tena kukaa kwenye kiti kigumu. Alinikalisha mimi kitandani pembeni yake, akanipa sindano na pindo la chini, ambalo hushonwa kwa mkono ili uzi usionekane upande wa nje.

“Kamata nyuzi moja tu ya kitenge. Moja. Halafu unaingia mu pindo.”

“Hivi?”

“Ile ni tatu. Fumua.”

Nikafumua. Mikono yangu ilizoea kushika vitu vidogo kuliko uzi. Niliweza kudondosha tone lisiloonekana mahali ninapotaka. Lakini pindo lilinishinda. Lilijikunja, likaenda mshazari. Alinivumilia, akafumbia macho mishono kadhaa, halafu akanyoosha mkono akavichukua vyote, akafumua kila nilichoshona, akaanza mwenyewe. Alishona kipande cha urefu wa shubiri. Akapumzika macho yamefumba. Akashona tena. Mimi nilikuwa nikimtungia uzi kwenye sindano. Ilichukua siku nyingi, na ikaisha, na bibi harusi aliivaa. Niliiona kwenye picha.

Baada ya hapo pumzi ikawa fupi. Hospitali walimpa chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wa maegesho, na mofini. Alilala sana. Akiamka alizungumza na mama yangu, dada yake, kana kwamba ameketi palepale, kwa Kiswahili cha utoto wao, kuhusu ndoo na foleni ya maji. Mara moja alinitambua vizuri akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Uongo.” Ilikuwa kweli ni uongo.

Alikufa Jumapili asubuhi, wakati wa misa. Mimi na tonton tulikuwa pale. Nilikuwa nimeshika mguu wake wa kulia juu ya shuka, ule uliovimba, kwa sababu mikono yote miwili alikuwa ameishika tonton. Muuguzi aliingia, akafungua dirisha kidogo, akatoka.

Tulikaa matanga Evere. Jirani wa chini, bibi wa Kibelgiji, alileta supu kwenye sufuria kubwa akakaa nasi bila kuelewa nyimbo. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mwanaume mmoja wa kanisani alinivuta kando karibu na lifti, akaniambia babake huko Likasi anavimba tezi shingoni, na amesikia mimi niko katika dawa za kansa. Je, hakuna kitu? Nilimtazama. Hakuwa na lengo baya, uso wake ulikuwa kama wa tonton siku alipokunja shati. Nikamwambia hakuna kitu. Akasema asante. Akarudi ndani akaendelea kuimba.

Nilimaliza masomo yangu. Kipande changu kilipewa namba na kikaachwa. Kulikuwa na vingine bora zaidi, na wengine wakaviendeleza. Dawa za namna ile zipo leo, kwa magonjwa mengine, na zipo pia zinazowaamsha askari wa mwili dhidi ya melanoma bila kuuliza umezaliwa na kishikio gani. Ninazisoma habari hizo nikiwa nimekaa. Watu huniuliza kama zinanifurahisha. Zinanifurahisha, ndiyo, kwa ajili ya watu wengine.

Wiki moja hivi baada ya mazishi nilipita Evere baada ya kazi kumwona tonton. Nyumba ilikuwa safi mno, viti vyote vimepangwa ukutani kama vile wageni wangerudi. Alinitilia chai. Tulikaa tukiangalia basi likipita chini.

“Alijua?” aliniuliza.

“Alijua nini, tonton?”

“Kama kupona haiwezekane. Tangu mwanzo. Alijua, ao alikuwa anatumaini?”

Nilifikiri. Ningeweza kumpa jibu lolote, naye angelibeba maisha yake yote. “Sijue, tonton,” nilisema. “Sikumuuliza.”

“Na miye sikumuuliza.” Aligeuza kikombe. Halafu akasimama, akaenda bafuni, akaniita. Mashine ya kufulia ilikuwa wazi, na ndani yake makoti yake ya kazi, yote matatu, na sabuni ya unga imemwagwa juu yake kama unga wa mahindi.

“Ile kintu, sijue inawashwa namna gani,” alisema. “Kesho niko na zamu ya asubuhi.”

Tuliinama wote wawili mbele ya vile vitufe. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa kubonyezwa miaka mingi. Nilijaribu kimoja, nikajaribu kingine, na baada ya muda maji yakaanza kuingia.